Uamuzi wa Saa Tisa Alasiri

Mazungumzo ya leo yanahusu onyo la dhoruba: litolewe saa ngapi, kwa ushahidi gani, na nani athubutu kulitia sahihi.

Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, mvua kubwa iliyoandamana na upepo mkali iliujaza mto Kasaba, maji yakakishukia kijiji chenye jina hilo hilo, kando ya Ziwa Tanganyika katika sekta ya Ngandja, humu humu teritwari yetu ya Fizi, mashariki ya Kongo. Ulikuwa usiku, watu ndani ya nyumba. Hesabu za viongozi zilipishana siku za kwanza, kisha idadi ya waliokufa ikatajwa kuvuka mia moja. Kijiji kile hakifikiki ila kwa njia ya maji, na mtandao wa simu haukifikii, kwa hiyo hata habari ya msiba wenyewe ilitoka kwa kuchelewa. Yakasemwa yale yanayosemwa baada ya kila msiba wa aina hii: watu wamejenga karibu mno na mto, milima imevuliwa miti, serikali iko mbali. Yote ni kweli na kila moja lingetosha kipindi kizima. Mimi nina swali jingine. Alasiri ya tarehe 8, kabla wingu halijafunga, ni nani aliyekuwa na kazi ya kuitazama hewa iliyokuwa juu ya Ngandja, akaamua kusema au kunyamaza? Nasema hewa, sisemi mvua. Mvua ikishaanza, kila mtu anaiona.

Dhoruba haizuki mahali popote inapopenda. Inataka hewa ya chini iliyojaa unyevu na joto. Inataka hewa ya juu iwe baridi kiasi kwamba ile ya chini, ikisukumwa kidogo tu, ipande bila kusimama kilometa kumi na zaidi kwenda juu. Inataka pia huo msukumo wa kuianzishia safari: mteremko wa mlima, au pepo mbili zinazokutana uso kwa uso. Na kama tabaka la katikati, kilometa tatu hadi tano juu yetu, ni kavu, matone yanayoanguka humo hukauka njiani, huipoza hewa, na hewa iliyopozwa hushuka kwa kishindo na kutawanyika ardhini au majini. Huo ndio upepo unaomfikia mvuvi kabla ya tone la kwanza la mvua, na mara nyingi ndio unaopindua mtumbwi. Mambo haya yote, unyevu, joto, nguvu ya kupanda, ukavu wa katikati, mpishano wa pepo za chini na za juu, yanapimika saa kadhaa kabla ya wingu. Ni kuni kavu zilizokwisha kupangwa zikisubiri kiberiti. Hoja yangu ni kwamba sehemu kama rasi yetu ya Ubwari, ambako hakuna rada wala mnara wa simu kila kijiji, zinapaswa kuamua kuhusu onyo kwa kuanzia kwenye hali hiyo ya hewa, na kulitumia wingu linapotokea kuwa ushahidi wa pili. Desturi yetu imekuwa kinyume chake.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mkulima wa Lulenge usemi huo unatosha, maana kutoka shambani mpaka barazani ni mwendo mfupi. Tuupige hesabu kwa mvuvi wa ndagala. Tuseme yuko kilometa kumi kutoka ufukweni, nyavu ziko majini, taa zinawaka. Upepo wa kushuka unaotangulia dhoruba unaweza kwenda kilometa hamsini kwa saa bila kuwa wa ajabu. Hizo kilometa kumi unazimaliza kwa dakika kumi na mbili. Mvuvi anayepiga kasia na mzigo hukimbia kama kilometa tano kwa saa, yaani saa mbili nzima. Mwenye mota ndogo na boti iliyolemewa atatumia karibu saa moja. Na hapo sijahesabu muda wa kuvuta nyavu, kwa sababu hakuna mvuvi atakayeacha nyavu zake za mkopo majini kwa ajili ya wingu moja. Hata rada ya kisasa kabisa, ikiliona wingu linapokomaa na mtangazaji akafungua kipaza sauti papo hapo, ingempa mtu huyu nusu saa, pengine dakika arobaini. Onyo lililo sahihi kabisa, na halimfai. Uamuzi unaoweza kumfaa ni ule wa saa tisa alasiri, wakati taa zinajazwa mafuta au betri zinatolewa juani na boti bado ziko mchangani. Saa hiyo wingu la usiku halijazaliwa. Kilichopo ni mazingira ya hewa peke yake.

Na mazingira yetu yana tabia zake, tena si za siri. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita kama 770 juu ya usawa wa bahari. Magharibi yetu milima ya Mitumba na Itombwe inapanda mpaka kupita mita 3,000. Mchana jua likiipasha miteremko moto, hewa hutoka ziwani ikapanda mlimani, na ndiyo maana mawingu makubwa ya alasiri tunayaona juu ya milima huku ziwa likiwa jeupe. Usiku mambo hugeuka: milima hupoa upesi, hewa baridi huteremka kutoka pande zote mbili, ya Kongo na ya Tanzania na Burundi, ikakutana juu ya maji ambayo hayapoi. Uso wa ziwa hili hukaa kwenye nyuzi kama 24 mpaka 28 mwaka mzima, kwa hiyo saa nane za usiku ziwa ni jiko linaloendelea kuwaka chini ya hewa iliyopoa. Mradi wa utafiti wa Ziwa Tanganyika, uliofadhiliwa na Finland chini ya FAO katika miaka ya 1990, uliweka vipimo kandokando ya ziwa, Bujumbura, Kigoma na Mpulungu zikiwamo, na hesabu za Wafini hao zilieleza kupokezana huko kwa pepo za mchana na za usiku na jinsi miteremko inavyozitia nguvu. Wavuvi walikuwa wanajua. Tofauti ni kwamba sasa kuna namba, na namba inaweza kuingizwa katika uamuzi.

Ubwari inaongeza lake juu ya hayo. Rasi hii ndefu imelala kama ukuta kati ya ghuba yetu na ziwa pana, na katika kiangazi, kusi inapovuma kutoka kusini-mashariki, boti iliyo ndani ya ghuba inakaa salama huku iliyopita Rasi ya Banza ikiruka ruka. Ukuta huo umewafundisha watu somo moja ambalo msimu wa mvua unalitangua. Dhoruba ya usiku haina adabu ya kusi. Inaweza kusafiri kutoka mashariki, ikivuka ziwa zima na kuingia ghubani kupitia mdomo wake wa kaskazini, au hewa baridi ikadondoka kutoka Mitumba, upande ambao Ubwari haiukingi hata kidogo. Itakavyokuja inategemea pepo za tabaka la kati siku hiyo, na pepo hizo zinajulikana tangu asubuhi. Kuwaambia watu wa ghuba kwamba leo upande wenu wa kujificha si upande wa kujificha, hiyo peke yake ingekuwa onyo lenye thamani, hata kama saa ya dhoruba haitajwi.

Anayedhani natia chumvi kuhusu nguvu ya hewa yetu atazame hesabu ya radi. Mwaka 2016 watafiti waliokusanya miaka 16 ya vipimo vya setilaiti walipanga mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani. Pa kwanza palikuwa Ziwa Maracaibo huko Venezuela. Pa pili ni Kabare, katika jimbo letu hili la Kivu ya Kusini, kwa mimweko kama 205 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Tunaishi katika mojawapo ya viwanda vikubwa vya dhoruba duniani, na kiwanda hicho hakina mlinzi wa zamu.

Ushahidi kwamba njia ninayoitetea inafanya kazi uko kwa jirani, Ziwa Victoria. Kule watafiti wamekuwa wakitaja makadirio ya wavuvi 3,000 hadi 5,000 wanaokufa kila mwaka, wengi wao kwa dhoruba za usiku. Mwaka 2016 na 2017 Wim Thiery wa Ubelgiji na wenzake walichapisha jambo linalotugusa moja kwa moja: ukali wa dhoruba za usiku juu ya ziwa unafuatana na ukali wa dhoruba za alasiri iliyotangulia juu ya nchi kavu inayolizunguka. Alasiri ikichafuka sana milimani, ziwa lina nafasi kubwa zaidi ya kuchafuka usiku. Kwa hiyo setilaiti inayoona vilele vya mawingu mchana inaweza kumsaidia mtu kuamua kuhusu usiku, saa nyingi kabla. Hakuna aliyeona wingu la usiku. Kilichoonekana ni hewa iliyoandaliwa kulizaa. Kuanzia 2017 mradi wa HIGHWAY, ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza, ukaziunganisha idara za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, na utabiri wa maeneo ya ziwa ukawa unatolewa kwa lugha za wavuvi. Tathmini yake ilikadiria kwamba vifo vya kuzama vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kongo haikuwamo. Tanganyika, lenye nchi nne na urefu wa kilometa zaidi ya 650, halijapata mradi wa kulingana na ule.

Sasa nije kwa wanaopinga, na ninaanza na pingamizi lililo zito kuliko yote, maana hutolewa na watu wa fani wenyewe. Wanasema: huku kwetu tropiki, kuanzia Oktoba mpaka Mei, hewa iko tayari karibu kila siku. Ukitumia vigezo vya Marekani, ambako nguvu ya kupanda ya juli elfu mbili kwa kilo ni habari, utatoa onyo Jumatatu mpaka Jumapili, na wiki ya pili hakuna atakayekusikiliza. Hapo wana haki, kama tungechukua vigezo vya watu na kuvibandika mjini kwetu Baraka. Lakini siku zetu hazifanani kama inavyodhaniwa. Joto na unyevu wa chini vinabadilika kidogo. Kinachobadilika sana ni ukavu wa tabaka la kati, kasi na mwelekeo wa pepo za juu, na kiasi cha fujo kilichotokea alasiri milimani. Hivyo ndivyo vinavyoitenga siku mbaya na siku ya kawaida, na vizingiti vyake vinapatikana kwa kupanga kumbukumbu za miaka iliyopita za hapa hapa kando ya matukio ya hapa hapa.

Kuna jambo ambalo pingamizi hilo linalisahau. Data za mazingira hazikusudiwi kuongeza maonyo. Zikitumiwa vizuri zinayapunguza. Chukua wingu moja lenye kilele baridi, limeonekana na setilaiti saa mbili za usiku juu ya Itombwe. Likitokea katika usiku ambao tabaka la kati lina unyevu, pepo za juu ni za pole na alasiri ilikuwa shwari, kuna uwezekano mkubwa litamwaga mvua yake mlimani na kufa. Wingu lile lile, la ukubwa ule ule, katika usiku mkavu wa juu na wenye pepo zinazolisukuma kuelekea ziwani, ni jambo la kuamsha watu. Mtu anayetazama picha ya wingu peke yake analazimika kuyatendea yote mawili sawa: ama apige kelele mara mbili, ama anyamaze mara mbili. Anayeijua hewa ya siku hiyo anaweza kusubiri ushahidi zaidi katika usiku wa kwanza na kusema mapema katika ule wa pili. Hicho ndicho kiini cha ninachosema, na naona ajabu kwamba wanaohofia kelele za bure ndio wanaokataa chombo cha kuzipunguza.

Hata hivyo kelele za bure zitakuwepo. Mvuvi atabaki nyumbani, usiku utapita bila upepo, na kesho yake soko la Baraka litakuwa na ndagala za wale waliokaidi. Usiku mmoja bila kazi si kitu kidogo kwa mtu anayevua kwa taa katika giza la mwezi, maana wiki hivi ya mbalamwezi tayari hapati kitu. Nani atamlisha? Swali hili ni la haki, ila liliwahi kujibiwa na wavuvi wengine. Oktoba 1859 meli iitwayo Royal Charter ilivunjika pwani ya Wales na watu zaidi ya 400 wakafa. Robert FitzRoy, mkuu wa ofisi ya hali ya hewa ya Uingereza, mtu aliyekuwa akivipatia vijiji vya wavuvi barometa ili vijisomee uzito wa hewa, mwaka 1861 alianza kutuma maonyo ya dhoruba kwa telegrafu, na bandari zikapandisha mlingotini koni kubwa ionekane kutoka majini. Alikosea mara nyingi, akachekwa magazetini. Alikufa 1865, kamati ya wataalamu ikaketi, ikaona kanuni zake hazina msingi wa kutosha, na Desemba 1866 maonyo yakasimamishwa. Haukupita hata mwaka yakarudishwa. Waliodai yarudi walikuwa watu wa pwani, wale wale waliokuwa wakipoteza siku za kazi kwa maonyo yasiyotimia. Walipima wenyewe: siku iliyopotea huumiza, lakini si mzani mmoja na baba asiyerudi.

Wataalamu nao wanahitaji kupimwa kwa kipimo kinachofaa. John Finley, mwanajeshi wa Marekani aliyebashiri tornado mwaka 1884, alijivunia kuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 96. Wakosoaji walikaa na karatasi zake wakamwonyesha kwamba mtu ambaye angesema kila siku "hakuna tornado" angekuwa sahihi kwa asilimia 98. Ofisi isiyoonya kamwe itakuwa sahihi siku nyingi sana za mwaka. Fizi imekuwa na usahihi wa namna hiyo kwa miaka yote. Kinachofaa kuhesabiwa ni dhoruba ngapi zilionywa kabla hazijafika, na kati ya maonyo yaliyotolewa ni mangapi yalifuatwa na kitu.

Wengine watasema shida ya ziwa letu si hewa, ni tamaa. Desemba 2014 boti ya MV Mutambala, iliyotoka Kalemie kwenda Uvira, ilizama na serikali ya jimbo la Katanga ikatangaza vifo 129. Ilisemwa kwamba ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Ni kweli, na ilisemwa pia kwamba upepo ulikuwa mkali. Boti iliyojaa kupita kiasi hufika salama siku nyingi, ndiyo maana wenye boti hawaachi. Inazama siku ambayo mzigo na upepo vinakutana. Mkuu wa bandari asiye na uwezo wa kuzuia kila boti kila siku angekuwa na nguvu zaidi kama angeambiwa saa tisa kwamba leo, hasa leo, asiruhusu yoyote iliyozidi. Wazee nao wanasema hayo yote wao huyajua kwa kutazama Itombwe, kwa harufu ya upepo na kwa namna maji yanavyobadilika rangi. Sina ubishi nao. Wanachofanya ni kusoma mazingira ya hewa kabla ya wingu, na ndicho ninachotetea, na kumbukumbu zao zingestahili kuandikwa pamoja na namba. Jicho la mzee linafika mpaka mlimani tu. Haliuoni ukavu ulio kilometa nne juu, wala dhoruba inayojengeka saa hiyo juu ya Kigoma.

Inabaki habari ya vyombo. Takwimu za Shirika la Hali ya Hewa Duniani zilizotajwa sana mwaka 2023 ziliipa Afrika nzima rada 37, Ulaya 345. Tukisubiri rada ya Fizi tutasubiri sana. Lakini data za mazingira ya hewa ndizo zinazopatikana bila kujenga chochote Fizi. Modeli za dunia, ya Marekani na ya Ulaya, zinatoa bure unyevu, joto na pepo kwa kila tabaka, na matokeo ya usiku yanasomeka kabla ya saa nne asubuhi. Setilaiti ya Ulaya ya kizazi kipya, iliyorushwa Desemba 2022, inaipiga picha Afrika kila dakika kumi na kuhesabu mimweko ya radi, yetu ikiwamo. Nyingine iliyorushwa Julai 2025 imebeba chombo cha kupima joto na unyevu tabaka kwa tabaka. Zina kasoro, na ni bora kusema wazi: katika modeli yenye vipande vya kilometa 25, Ubwari nzima inaweza kupotea, ikahesabiwa kuwa maji matupu, na upepo unaoteremka Mitumba usiku ukaonekana dhaifu kuliko ulivyo. Kwa hiyo namba hizo zinataka mtu anayeijua Fizi wa kuzisahihisha, na vipimo vichache vya ardhini vya kuzihakiki. Vipima hewa vitatu au vinne, Baraka, Kazimia, Banza na mlimani Fizi, vingebadilisha mengi. Rada nayo, katika mpango wa Tanzania wa rada saba, Kigoma ni mojawapo ya vituo, na kutoka Kigoma mpaka rasi yetu hakufiki kilometa mia moja, katika upande ule ule ambako dhoruba zinazovuka ziwa hutokea. Nchi nne za ziwa hili zilitia sahihi mkataba mwaka 2003 na zina Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Imejishughulisha na samaki na uchafuzi wa maji. Kupitisha picha ya rada kutoka Kigoma kwenda Baraka si kazi nje ya uwezo wake.

Gharama iliyojificha ni ya kila mwezi: intaneti, umeme wa jua, posho ya watu wawili wa zamu. Tusiidharau. Goma ilijifunza mwaka 2021, Nyiragongo ilipolipuka baada ya miezi ambayo kituo cha kuchunguza volkano kilikosa hata pesa ya intaneti ya kupokea vipimo vyake. Vifaa vilikuwapo milimani. Kilichokosekana ni malipo ya mwezi.

Na sahihi ni ya nani? Kisheria hali ya hewa ni kazi ya METTELSAT, idara ya taifa ya hali ya hewa iliyoko Kinshasa, na iendelee kuwa yake. Ila uamuzi unaotakiwa kabla ya boti kuondoka Banza hauwezi kusubiri barua ya Kinshasa. METTELSAT iweke vizingiti kwa maandishi, msimu kwa msimu, na impe mtu wa zamu Baraka ruhusa ya kutangaza vinapovukwa, bila kuadhibiwa usiku ukipita shwari. Ngazi zinazotumiwa na Tanzania, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zinaeleweka huku bila mkalimani. Angalizo litoke saa tisa kwa kutegemea hewa. Likipanda kuwa tahadhari usiku, liwe limepandishwa na wingu au radi iliyoonekana ndani ya hewa ile. Litangazwe kwa Kiswahili na Kibembe, na katika giza la mwezi, boti zinapokuwa nyingi majini, mtu wa zamu awe mwepesi zaidi wa kutangaza kuliko usiku wa mbalamwezi. Kwa vijiji kama Kasaba, ambako simu haifiki, komite za wavuvi zikubaliane alama ya mlingoti mchana na taa nyekundu ya jua usiku kwenye kilima kinachoonekana kutoka majini na kutoka bondeni, na chefu wa kijiji awe na redio isiyozimwa wakati wa mvua. Kila onyo liandikwe katika daftari pamoja na kilichofuata, upepo ulifika saa ngapi, mto ulipanda kiasi gani, nani alitoka na nani alibaki, na daftari hilo lifunguliwe mbele ya wavuvi mwezi wa Juni, ziwa likiwa katika kusi, ili vizingiti vya Oktoba vikubaliwe nao kabla ya mvua ya kwanza.